Muhuri wa Sosaiti kwenye Cheti cha Mwende

Tulimzika dada yangu Syokau huko Mwala mwezi wa Agosti, na watu walipoanza kula nilivuta kiti nikakaa nyuma ya hema la jikoni, mahali ambapo mzee hatafutwi aombe dua wala atoe shukrani. Ndani ya hema mtu alikuwa akitoa amri. "Hiyo nyama isiwekwe kwa karai ya ile mbichi. Leteni ingine. Hapana, usiipanguze na leso, ioshe." Mwanamke mmoja akamjibu, "Aiya, Mwende, kwani tuko hoteli?" Wengine wakacheka, lakini nikasikia karai likioshwa. Mwende ni binti wa Syokau. Kwa miaka minane alikuwa amenisalimu kila tulipokutana, kwa adabu yote, "Habari ya siku nyingi, Mjomba," na hakuwahi kuongeza neno la pili. Sasa mama yake alikuwa amefukiwa, na mtu wa mwisho aliyekuwa akituketisha kwenye meza moja hakuwapo tena. Nilijua kwamba nisiposema siku ile sitasema. Lakini kabla ya kueleza nilivyosema na nilivyojibiwa, lazima niueleze mwaka uliotufikisha hapo.

Wengi wanaoandika maisha yao huchagua mwaka wa ujana. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kazini, na miaka mingi ikanipita bila kunifunza kitu ninachoweza kukitaja. Mwaka ulionifunza ulinikuta na umri wa miaka sitini na mitatu, mjane, katibu wa sosaiti, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, hapa Kangundo, mtu anayesimamishwa barabarani na kuitwa Katibu hata na watu wasio na mti mmoja wa kahawa. Mwende alikuja kwangu Januari akiwa na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuja kwa sababu ya njaa wala ugomvi. Alikuja kwa sababu kwangu, juu ya kilima, mtandao unashika, na kwao Mwala bondeni haushiki. Nilimpa chumba nilichowekea magunia matupu. Kilinuka mkonge na vumbi la kahawa kavu hata baada ya kufagiliwa mara tatu. Aligundua siku ya kwanza kwamba simu ikisimamishwa ndani ya kikombe cha bati, kwenye kona ya kushoto ya dirisha, somo halikatiki. Toka siku ile kikombe kile hakikunywewa chai.

"Unasoma chuo gani?" nilimwuliza.

"Ya ng'ambo, Mjomba. Usalama wa chakula. Wiki nane."

"Na karo?"

"Ni bure."

Nilicheka, na sikucheka kwa wema. Hapa kwetu nimeona vitu vingi vya bure. Niliwahi kuona mbegu za bure zikigawanywa uwanjani, na msimu wa pili tukaambiwa mbegu zile hazihifadhiwi, lazima zinunuliwe upya kwa wale wale waliozigawa. Nikiwa kijana niliandikiana na shule moja ya posta iliyotangaza masomo ya uandishi wa hesabu. Kitabu cha kwanza kilikuja bure, cha pili hakikuja, na barua zangu tatu hazikujibiwa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba chuo kikubwa, chenye majengo ya mawe na nyasi zilizokatwa, kinamfundisha mtoto wa Syokau bila kutaka kitu, nilijiuliza kinachotakwa ni nini. Nikamwuliza pia. Akasema walitaka jina na anwani ya barua pepe tu. "Ndiyo hiyo sasa," nikamwambia. "Umeshalipa, ila hujui umelipa nini."

Jioni, kabla giza halijaingia, nilikuwa nikikaa sebuleni na kumsikiliza kupitia pazia. Sauti ya mwalimu wa kike, Kiingereza cha puani, ilikuwa ikisema maneno, ikikwama, ikirudia. Mwende alikuwa akiirudia sentensi kwa sauti ya chini mpaka aielewe, kisha akiitamka kwa Kikamba, peke yake, kama anamweleza mtu. Bando ya mtandao ilipoisha katikati ya somo nilikuwa nikisikia daftari likifungwa. Hakulalamika. Jambo hilo pia lilinitia wasiwasi. Mtu asiyelalamika kuhusu shule, nilidhani, pengine hayuko shuleni.

"Huyo mwalimu anakujua?" nilimwuliza siku moja tukila.

"Hawezi kunijua, Mjomba. Tuko wengi sana, na masomo yalirekodiwa kitambo."

"Kwa hivyo unafundishwa na mtu pengine ameshakufa."

"Hajakufa, bwana! Juzi amejibu mtu kwa ukurasa wa maswali."

"Amekujibu wewe?"

"Si mimi. Mimi nilijibiwa na mama mmoja wa huko India. Yeye pia hukausha maembe."

Chakula ndicho kilichotugombanisha kwanza, na ndicho kilichonifanya nianze kusikiliza. Mimi hupika muthokoi mwingi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria moja ya siku tatu. Wiki ya pili ya masomo yake nilirudi nyumbani nikakuta amemwaga kiporo changu. "Kililala nje siku mbili kwa joto, Mjomba. Kuna vijidudu hata ukichemsha vinaacha sumu." Nilimwambia nimekula viporo tangu kabla hicho chuo hakijachimba msingi. Akasema, "Na lile tumbo lako la Jumatatu?" Ni kweli nilikuwa na tumbo la Jumatatu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiyasingizia maziwa ya kanisani. Basi tukaanza kupika kidogo kidogo. Tumbo la Jumatatu likaniacha. Nilikubali kula, lakini sikukubali kusema kwamba nimekubali.

Siku nyingine alinikalisha mbele ya simu nijibu maswali ya majaribio pamoja naye. Nilichagua majibu kwa akili ya kawaida, na mwisho karatasi za rangi zikaanguka kwenye kioo na neno la pongezi likatokea. Mwende akapiga makofi. Mimi nikaishuku mashine ile. Katika shule niliyosoma, mwalimu hakukupongeza mpaka akuone umeteseka. Kisha ikaja kazi ya kuandika, na nikaambiwa itasahihishwa na wanafunzi wenzake watatu, nchi tatu tofauti, na yeye asahihishe zao. Nikaweka kijiko chini. "Asiyejua anasahihishwa na asiyejua?" Mmoja kati ya hao watatu alimnyima alama kwa sababu katika mpango wake wa kutunza matunda Mwende hakutaja friji. Alikuwa ameandika juu ya kivuli, gunia lenye maji na upepo wa kilimani, vitu tulivyo navyo. Aliingia chumbani, na nilimsikia akiandika upya kwa hasira, akigonga kioo kile kilichopasuka. Nilifurahi kidogo, na hilo nalikiri. Nilidhani sasa ataona.

Hakuacha. Wengi aliokuwa akiongea nao kwenye ukurasa wa maswali walipotea mmoja mmoja, mpaka akawa anasema, "Hata yule wa India haonekani." Yeye alimaliza. Ndipo likajitokeza lile nililokuwa nikilingoja tangu Januari: somo lilikuwa bure, lakini cheti kililipiwa. "Nilikwambia!" nikasema, na nadhani nilisimama. Mwende hakusimama. Alisema kuna fomu ya kuomba msamaha wa malipo, ukieleza wewe ni nani na utakifanyia nini. Aliijaza kwa siku mbili. Akanipa niisome nimsahihishie Kiingereza, na humo nilikuta sentensi iliyosema kwamba anaishi kwa mjomba wake, ambaye amemsaidia sana kusoma. Nilisahihisha mkato mmoja tu nikamrudishia.

Ombi lilikubaliwa. Cheti kilichapishwa kwenye saiba, duka la intaneti pale sokoni, kwa rangi, kwenye karatasi ngumu. Kilikuwa na jina lake kamili, nembo ya chuo, sahihi ya mwalimu, na chini kabisa mstari wa herufi ndogo, anwani ya mtandao ambayo mtu yeyote angeifungua na kuhakikisha. Wiki hiyo hiyo kiwanda kipya cha kukausha maembe karibu na Kyumbi kilitangaza nafasi ya msaidizi wa usafi wa chakula, na Mwende akaitwa kwenye mahojiano. Nyumba yangu ilikuwa haijawahi kuwa na furaha namna ile tangu mke wangu aende. Aliimba akiosha vyombo. Mimi nilikigeuza kile cheti juu chini mezani.

"Hii haijagongwa muhuri," nikasema.

"Haina haja, Mjomba. Wataangalia kwa mtandao."

"Na hii sahihi imechapwa tu. Si wino."

"Ndivyo zilivyo zote."

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimewarudisha watu dirishani kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Barua ya chifu bila muhuri, rudi. Fomu ya urithi wa kahawa bila muhuri, rudi. Muhuri wa sosaiti wenyewe nilikuwa nikitembea nao kwenye mfuko wa koti, kwa sababu sikumwamini mtu yeyote ofisini. Asubuhi ya mahojiano Mwende alikwenda kwa jirani kuazima pasi ya makaa. Cheti kilikuwa mezani ndani ya bahasha. Nilikitoa, nikapulizia muhuri pumzi, nikaugonga pembeni mwa ile sahihi iliyochapwa, nikaandika "Imethibitishwa" na kutia sahihi yangu ya wino kama Katibu. Kisha nikakirudisha kwenye bahasha. Aliporudi nilimwambia asikitoe njiani kisije kikajikunja. Nilijiona nimempa zawadi.

Nimekuwa na miaka minane ya kufikiri juu ya dakika ile, na kila mara nafika mahali pale pale. Mtu anayeamini karatasi haiongezei kitu. Niliigonga kwa sababu ndani ya moyo wangu niliamini ni ya uongo. Niliona mtoto anakwenda mbele ya watu na kitu cha kuchezea, na nikataka kukipa uzito. Shaka yangu ndiyo iliyokifanya kuwa cha uongo. Mpaka ninaugonga ule muhuri, kilikuwa cha kweli.

Alirudi saa nane mchana, akakaa kwenye benchi la jikoni bila kuvua viatu. Walikuwa watatu mezani, alisema. Wa kwanza alikitazama cheti akampa wa pili. Wa pili, mwanamume ambaye kwao ni upande wetu huu, akacheka na kumwuliza, "Hiki chuo kiko na tawi Kangundo? Ama siku hizi sosaiti ya kahawa inatoa digrii?" Mwende akakitazama cheti na kuuona muhuri kwa mara ya kwanza. Akasema hajui umefikaje pale. Jibu hilo likazidi kuharibu. Akawaomba wafungue anwani ya mtandao, akatoa hata simu yake. Yule mwanamume akamwambia, "Dada, karatasi ikishachezewa, hatuna haja ya kuangalia ya nyuma." Lakini mama mmoja kati ya wale watatu alimfuata mlangoni. Alimwambia kwamba kama mwenye muhuri atafika mwenyewe kabla ya Ijumaa aeleze, yeye atasimama naye.

"Ni wewe, Mjomba, si ndiyo?"

"Ni mimi."

"Basi twende. Hata kesho. Useme tu ni wewe, na mimi sikujua."

Nilisema tutakwenda Alhamisi. Nilisema atangulie, nitamkuta Kyumbi stejini, pale matatu husimama. Nilisema hivyo nikijua kwamba wiki iliyofuata ilikuwa ya uchaguzi wa kamati ya sosaiti, na kwamba mpinzani wangu alikuwa akitafuta neno moja tu la kunishika nalo. Katibu aliyegonga muhuri wa wakulima kwenye cheti cha mpwa wake: neno bora kuliko hilo hangelipata. Alhamisi niliamka, nikavaa koti, nikateremka mpaka njia panda, nikashika njia ya kwenda mizanini. Nilikaa kwenye kibanda cha kupimia kahawa, watu wakinijia na magunia yao, "Katibu, habari ya asubuhi," na simu ikatetemeka juu ya meza ya mbao. Jina lake lilionekana. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Ilitetemeka tena, na tena. Mkulima mmoja akasema, "Katibu, si ushike? Pengine ni bibi mpya." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Alirudi jioni mapema, vumbi mpaka magotini. "Nimekusubiri hadi saa tisa," alisema. Nilisema kulikuwa na kazi. Kama ningeishia hapo pengine ningekuwa na jambo moja tu la kujutia. Lakini alikuwa akinitazama bila kupepesa, nami nikaongeza, "Na kwani cheti cha bure ni cha kuhangaikiwa hivyo?" Asubuhi alikunja blanketi, akafagia chumba cha magunia, akaenda. Wiki iliyofuata nilichaguliwa tena.

Sitaki mtu anayesoma haya adhani nimekuwa mhubiri wa masomo ya mtandaoni. Bado nayashuku. Mwende alikuwa ameniandikisha mimi pia, kwa utani, kwenye somo la udongo, na mpaka leo chuo kile kinaniletea barua za kuniambia kimenikosa, wakati hakijawahi kuniona. Sijui anayelipia yale yote ni nani na atarudi kudai nini. Najua kwamba anayetoa somo kutoka mbali hajui kwamba huku kuna nyumba zisizo na friji, na kwamba wengi wanaofungua mlango ule hutoka kimya kimya bila mtu wa kuwauliza mnakwenda wapi. Shaka yangu ilikuwa na sababu zake. Ila niliielekeza kwa chuo kilichokuwa mbali, nikasahau kuielekeza kwa mtu aliyekuwa amevaa koti langu.

Ndiyo hayo niliyomwambia Mwende pale Mwala, nyuma ya hema, alipotoka kumwaga maji. Nilisimama. Nilimwambia sikuwa na kazi siku ile ya Alhamisi, niliogopa uchaguzi. Nilimwambia nilikuwa nikiona simu yake. Alisikiliza karai likiwa limeegemea kiunoni.

"Wewe bado ni katibu, Mjomba?"

"Niliacha. Mwaka wa tatu huu."

"Na yule mlikuwa mnashindana?"

"Alifariki."

"Kwa hivyo leo kuniambia haikugharimu kitu." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayepima chumvi. "Wewe ndiye ulinifunza nisiamini kitu ya bure."

Nilimwuliza kama aliwahi kusoma somo lingine. Akasema hapana. Anapika katika jiko la shule moja huko Mavoko, ni kazi nzuri, wanamheshimu. "Nilijaribu mara moja kufungua," akasema. "Nikaona yale majina ya masomo, nikafunga." Kisha akaitwa ndani, sahani hazikutosha, akaenda.

Mkutano mkuu wa sosaiti ulikuwa mwezi uliofuata. Walipofika kwenye ajenda ya mengineyo niliinua mkono, na mwenyekiti, ambaye nilimwandika kazi mimi mwenyewe akiwa kijana wa kubeba magunia, akasema kwa furaha kwamba Katibu wetu mzee ana neno. Nilisimama nikalisema lote: muhuri, cheti, kiwanda, Alhamisi. Kulikuwa na kicheko kidogo kwenye viti vya nyuma. "Katibu, unatuharibia chai," mtu akasema. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo la zamani, la familia, mzee aketi. Sikuketi. Nikaomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Ndipo mzee Kioko, ambaye nimekaa naye kanisani benchi moja maisha yangu yote, akainuka polepole kwa fimbo. "Mimi nauliza tu," akasema. "Kama uligonga ya huyo mtoto, uligonga ngapi zingine?"

Hakuna zingine. Nilisema hakuna. Lakini niliona nyuso zikibadilika, mtu akikumbuka fomu ya shamba la baba yake, mwingine uzito wa kahawa yake mwaka fulani, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha ambayo haikuwa na muhuri ule ule. Waliandika kwamba kamati ya watu watatu ichunguze mafaili yote ya wakati wangu. Niliomba nakala ya ukurasa ule, nikaupiga picha, nikamtumia Mwende bila kuongeza neno. Simu inaonyesha ameisoma. Hajajibu, na sijamwuliza.

Kamati inaanza Jumanne. Mwenyekiti alinipigia kunieleza, akaniita kwa jina langu, si Katibu, na kuniomba nisiingie ofisini wakifanya kazi. Nimemwambia nitakuwepo, iwapo watataka kuuliza jambo. Nitakaa nje, chini ya lile dirisha nililokuwa nikiwarudishia watu, kwenye benchi ambalo wakulima hukalia wakisubiri kuitwa.